Programu Huria na Rekodi Zake

Rekodi ya kwanza haina mpinzani. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinaendeshwa na Linux, mfumo alioubuni Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi huko Helsinki. Si nyingi kati ya hizo. Zote.

Iliyosambaa kupita hifadhidata zote ni SQLite. Imo karibu katika kila simu janja, na wenye simu hawaijui hata kwa jina. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, alipokuwa akiandika programu ya manowari ya Marekani. Kila seva ya hifadhidata ilipozimika, programu yake ndiyo iliyotoa ujumbe wa kosa, lawama zikamwangukia yeye. Akaamua kutengeneza hifadhidata isiyohitaji seva. Leo mistari ya kuijaribu ni zaidi ya mara 500 ya mistari ya programu yenyewe, na watunzaji wake, kikundi kidogo tu, wamekusudia kuihudumia hadi 2050. Sijaona muuzaji wa leseni za bei mbaya akithubutu kutaja mwaka wa mbali hivyo.

Kwa bei, IBM ilitoa dola bilioni 34 mwaka 2019 kuinunua Red Hat, inayofanya biashara kwa programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mteja wake, tuseme benki, halipii msimbo. Analipia mtu wa kupigiwa simu saa nane usiku.

Kwa udogo, left-pad, kipande cha msimbo kilichotegemewa na programu nyingine nyingi: mistari 11. Mwandishi wake alipokiondoa mtandaoni Machi 2016, miradi mingi mikubwa ilishindwa kujengwa siku hiyo hiyo.

Ila iliyonusurika kwa uchache kuliko zote, kwa maoni yangu, ni xz, programu ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, tena amechoka. Akajitokeza msaidizi mpole, akafanya kazi zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia seva. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Hakupuuza. Alipochimba akaukuta mlango, ukiwa umeshafika katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo ya Linux.