Safari ya Jamaa katika Reli ya Hijazi

Wasomaji wetu wengi wamepata kulisikia jina la Reli ya Hijazi, lakini ni wachache wanaojua ya kuwa kipande chake cha Jordan hakikufa, na kwamba mtu aweza kukisafiria pamoja na watoto wake siku ya mapumziko. Sisi tulijaaliwa kufanya hivyo katika likizo ya Aprili, mwaka 2019, tulipotoka Umra tukapita Amman kwa nia ya kuzuru Baitul Mukaddas. Tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, watoto watatu na Bibi yao. Siku chache nyuma, huko Madina, Bibi alikuwa amesimama mbele ya stesheni ya kale, karibu na msikiti wa Anbariya, akatuuliza, "Na mwisho wa pili wa reli hii uko wapi?" Hatukuwa na jibu la maana.

Stesheni ya Amman iko mtaa wa Mahatta, mashariki mwa mji. Ina majengo ya mawe ya zama za Waturuki, na chumba cha makumbusho chenye taa na tikiti za zamani. Watoto walikuwa wameahidiwa injini yenye kutoa moshi; kumbe zile huwekewa siku maalumu, na siku hiyo tuliletewa ya dizeli. Kitinda mimba wetu alinuna. "Gari la moshi gani hili lisilo na moshi?" Mabehewa, hata hivyo, yalikuwa ya kale, na madirisha yake yalifunguka, jambo ambalo kwa mtoto ni nusu ya safari.

Hapo ndipo tulipoanza kuwasimulia, na tunakiri kuwa tulichelewa. Reli hii iliamrishwa na Sultani Abdul Hamid wa Pili mwaka 1900, kuwachukua mahujaji kutoka Damascus hadi Madina, mwendo wa kilomita 1,300 hivi. Kwa ngamia safari hiyo ilichukua siku kama 40, katika jua, kiu na hofu ya wanyang'anyi. Gari liliifanya kuwa ya siku chache tu. Yetu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilitolewa fedha na serikali ya Uingereza. Hii ya Hijazi ilijengwa kwa michango ya Waislamu wa Uturuki, Misri, India na kwingineko. Watumishi wa dola walikatwa mishahara, na hata ngozi za wanyama wa udhia ziliuzwa kwa ajili yake. Mwaka 1908 gari likafika Madina. Miaka kumi haikutimia, vita vikuu vya kwanza vikaivunja, na upande wa kusini haukupona tena. Lakini mali ile ilikuwa wakfu, na jina hilo la wakfu haikuvuliwa.

Gari liliondoka polepole mno, likapita nyuma ya nyumba za watu, nguo zikiwa zimeanikwa, likavuka daraja la mawe la matao kumi, kisha tukatokea uwandani. Majani ya masika yalikuwa bado mabichi. Jamaa za wenyeji walifungua vikapu vya chakula, na vijana wakatoa ngoma wakaanza kucheza katikati ya behewa.

Bibi alikunja uso. "Gari la mahujaji hili," alisema. "Lapigiwa ngoma?"

Mzee mmoja wa Amman aliyeketi mbele yetu aliomba atafsiriwe. Akacheka kwa adabu. "Ewe Hajjati, reli isiyopandwa huuzwa chuma chakavu. Waache wapande."

"Wapande," Bibi akajibu. "Lakini wajua walichokipanda?"

Mzee akawageukia vijana, akawauliza. Mmoja alijua, wengine walitazamana, na ngoma ikanyamaza kidogo. Nasi tuliinamisha macho, maana watoto wetu wenyewe walikuwa wamepata khabari hizo nusu saa tu iliyopita.

Safari ya matembezi hukomea Jizah, kusini ya mji, penye birika kubwa la Warumi na ngome ya njia ya mahujaji, ambapo misafara ya ngamia ilikuwa ikitua kuteka maji. Watu walitandika mikeka na kuwasha makaa. Injini ilifunguliwa ikapelekwa upande wa pili wa mabehewa, tayari kwa kurudi.

Sisi tulitafuta kibla tusali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja. Kilikuwa karibu sawasawa na zinakoelekea reli: mbele yetu mataruma, vumbi, na zaidi ya kilomita elfu moja hadi Madina. Kitinda mimba alisimama kando ya Bibi yake, akamnong'oneza, "Hapa ndipo walipoungana na ule mwisho wa pili?" Bibi akatikisa kichwa kukubali, akaleta takbiri.

Honi ilipopigwa, Bibi alikuwa bado na tasbihi mkononi. Tulimwendea bwana wa gari kumwomba atungoje. Alitazama upande wa mkeka, akashusha bendera yake.