Intaneti ikikatika, hewani bado kuna njia

Unaikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikaanza kutambaa. Pengine ulilaumu simu yako. Mimi nilizima na kuwasha ruta mara sita, kisha nikatoka nje kuangalia kama majirani nao wanalia.

Mzee mmoja wa ploti yetu hakuwa na habari. Alikuwa ameketi na laptopu, redio na waya mrefu uliofungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akibadilishana ujumbe na mtu aliye Italia. Hakuwa na bando wala Wi-Fi.

"Hii ni masafa mafupi, kijana," akaniambia. "Huku hakuna wa kukatiwa."

Ukisikia modemu unafikiria kile kidude cha kuweka laini, si ndiyo? Hapa kazi hiyo inafanywa na programu. Laptopu inageuza maandishi kuwa milio, milio inaingia redioni, redio inairusha juu. Huko, kilomita 200 na zaidi kutoka ardhini, tabaka la hewa liitwalo ionosfia linairudisha chini, labda bara lingine. Laptopu ya huko inasikiliza na kugeuza milio kuwa maandishi tena.

Mtindo unaotamba ni FT8, uliotoka 2017. Mmoja wa waliouunda ni Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Nobel ya fizikia mwaka wa 1993. Unatumia milio minane tu. Ukiisikiliza utadhani mtu anapuliza filimbi huku akitetemeka kwa baridi. Sauti ya mtu akiongea inahitaji takriban mara 50 ya nafasi inayochukuliwa na milio hiyo, ndiyo maana ujumbe unasomeka hata pale sikio lako linasikia kelele tupu.

Lakini usitarajie kutuma memes. Ukitaka kuandika maneno yako mwenyewe, unapewa herufi 13 kwa mara moja. Wengi hutuma tu jina la kituo, mahali walipo (Nairobi ni KI88) na jinsi wanavyomsikia mwenzao. Ukitaka barua pepe kamili kuna Winlink, ambayo mabaharia huitumia wakiwa katikati ya bahari. Inaenda polepole, lakini inafika.

Mzee akaniazima redio yake kuukuu. Zingatia hapa: ile ya kusikilizia taarifa za habari haitoshi, tafuta yenye SSB. Nikaweka programu ya WSJT-X, ya bure kabisa, nikaitega redio kwenye 14.074 MHz. Usiku mzima, wapi! Mawimbi nayaona yakiteremka kwenye skrini kama mvua, maandishi hakuna. Nikaanza kujiambia ni kama chuo tu, kitu kingine nitakachoachia njiani.

Asubuhi mzee akauliza swali moja: "Saa yako iko sawa?"

Laptopu ilikuwa nyuma kwa sekunde nne. FT8 inaenda kwa zamu za sekunde 15, dunia nzima ikianza pamoja. Ukichelewa hivyo huambulii kitu. Nikairekebisha. Jioni skrini ikajaa: Italia, Urusi, Japani. Nilipiga kelele hadi mama wa chini akagonga dari.

Kusikiliza ndiko pa kuanzia. Kutuma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, halafu unapata jina la kituo, mengi yakianza na 5Z4. Na ukishapata, biashara hairuhusiwi, wala kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri. Kila mtu anasoma unachosema, kwa hivyo umbea wako peleka kwingine.

Mimi bado najaza fomu. Jana saa tatu usiku kituo kimoja cha Brazili kilikuwa kinaita CQ, yaani yeyote anayenisikia ajibu. Kiliita kwa karibu dakika kumi. Nilikuwa nakisikia vizuri kabisa, na sikuwa na ruhusa ya kujibu.