Amelewa nini?



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu, mishipi na baruti. Leo tutazungumza juu ya neno. Ni neno moja tu, «kulewa». Mtauliza: neno linaweza kuumiza mtu? Ndiyo, linaweza, kama linamfanya kapita aseme «mwache, amelewa», halafu anaendelea na kazi yake, na mtu anabaki amelala chini.

Kila mtu anajua kulewa ni nini, au anafikiri anajua. Lakini Kiswahili hakikulifunga neno hili ndani ya chupa. Watu wa pwani wakisafiri kwa chombo, bahari ikichafuka, husema wamelewa, hata kama ni watu wa dini wasioonja pombe maisha yao yote. Mti unaoyumba kwa upepo unalewalewa. Aliyekesha kwenye matanga anarudi amelewa usingizi. Mkubwa aliyesahau alikotoka, tunasema amelewa madaraka. Katika maneno hayo yote kuna jambo moja: kuyumba, ni kusema mwili au akili haisimami tena sawasawa. Pombe ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Kwa pombe yenyewe, watu wana maneno ya kuificha na maneno ya kuicheka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania husema mtu «amepiga maji», na akizidi wanasema «yuko chakari». Pwani, «tembo» ni pombe ya mnazi, lakini mtu wa Lubumbashi akisikia tembo anafikiri mnyama mwenye mkonga, ao chupa ya bia yenye jina hilo. Anayekuomba «ya kunywa» hana kiu ya maji, anataka matabishi. Na sisi tunasema «kunywa tumbako» pale wengine wanaposema kuvuta. Kwa hiyo munganga akiuliza «Unakunywa?», maskini hajui atajibiwa juu ya nini. Wengi hujibu: «Hapana, munganga. Bia tu.» Kama vile bia ni ndugu wa chai!

Haya yanachekesha tukiwa tumekaa nyumbani. Ndani ya mungoti hayachekeshi.

Tuseme mwenzako anatoka kwenye galeri anayumba. Anajibu maneno yasiyoeleweka, anataka kutapika, analia kichwa. Jana ilikuwa siku ya mshahara. Wote wanacheka: «Huyu amelewa!» Kweli amelewa, lakini pengine amelewa gazi. Mawe yanapopasuliwa kwa baruti, na mashini za mazuti zinapofanya kazi mahali penye hewa chache, hutoka gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Moshi unaweza kuondoka, pua ikasema hewa ni safi, na gazi ingali pale. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu haipati tena nafasi ya kubeba hewa ya uzima. Mtu anaumwa kichwa, anazungukwa, miguu inalegea, anasema ovyo, analala. Kwa macho, hana tofauti na mlevi.

Vile vile hewa yenyewe ikipungukiwa. Hewa ya kawaida ina sehemu 21 za oksijeni kwa 100. Katika galeri ya zamani iliyofungwa, ao shimo refu la wachimbaji wa mkono lisilo na tundu la pili, oksijeni inaweza kupungua bila mtu kujua. Ubaya wake ni kwamba akili ndiyo inaharibika kwanza. Mtu anajisikia vizuri, wengine hata wanafurahi na kucheka, hawaoni hatari. Anayecheka mahali pasipo hewa asiwachekeshe. Mtoeni.

Lakini namna ya kumtoa ina sheria, na hapa tunasema kwa nguvu zote: akianguka ndani, usimkimbilie peke yako bila chombo cha kupumulia. Gazi iliyomwangusha yeye inakungojea wewe. Piga kengele ao simu, ita kikosi cha uokozi, zuia wengine wasiingie. Kama ametoka mwenyewe akiyumba, mpeleke penye hewa safi, asitembee, asibebe kitu, na apelekwe hospitali kupewa oksijeni hata kama anasema «nimepona». Na uliza upesi: alikuwa na nani kule ndani? Kama mmoja amelewa gazi, wenzake nao wanaivuta.

Kuna kulewa kwingine. Mwenye ugonjwa wa sukari aliyechoma sindano yake ao kumeza dawa yake, halafu akaja kazini bila kula, sukari inaweza kushuka mno katika damu. Anatetemeka, anatoka jasho baridi, anajibu vibaya, mara nyingine anataka kupigana. Watu wazima wamefungiwa kwenye chumba cha walinzi kwa «ulevi» wa namna hii. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari nyingi ao soda tamu, na kwa kawaida ataanza kurudiwa na akili baada ya robo saa. Kama hawezi kumeza, usitie kitu kinywani, mpeleke kwa munganga. Ni vizuri mwenye ugonjwa huu awaambie wenzake wa posti. Si haya.

Aliyegongwa kichwa na jiwe asubuhi anaweza kuyumba saa nane. Aliyeshikwa na joto kali ana ngozi ya moto na maneno yaliyopotea: huyo amwagiwe maji, apepewe mara moja, munganga aitwe. Mpaka rangi aliyejifungia ndani ya tanki anaweza kulewa harufu ya rangi yake. Hata kinini, ambayo wazee wetu walimeza sana juu ya malaria, inaleta kizunguzungu na masikio kulia.

Na kuna kulewa kwa miaka. Katika mwaka 1837, munganga Couper wa Glasgow, kule Scotland, aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga mawe ya manganezi, ambao miguu yao iliharibika, wakawa wanayumba. Vumbi ya manganezi ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu ubongo: mwendo unabadilika, uso unakauka, sauti inapungua, mtu anacheka bila sababu. Watu wa Kisenge, kwenye mungoti wa manganezi, wana sababu ya kujua jambo hili kuliko sisi. Mzee wa kazi hiyo akianza kutembea kama mlevi, jamaa wasimtukane kwamba ameanza kunywa akiwa na mvi.

Sasa turudi kwenye pombe, maana nayo ipo, na neno linadanganya upande wake pia. «Nilikunywa jana, leo sijalewa.» Hesabu pamoja nasi. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye nguvu ya 5 kwa 100, ina karibu gramu 28 za alkoli. Ini la mtu huondoa karibu gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Ni kusema chupa moja inataka saa tatu ao nne. Aliyekunywa chupa nne na kumaliza saa nne ya usiku, saa kumi na mbili asubuhi angali na pombe mwilini, ingawa amelala, ameoga, ameshika kofia yake. Kahawa inamfungua macho tu, haiondoi alkoli. Maji baridi vile vile.

Lutuku ina hatari ya peke yake. Ikiwa muuzaji ameichanganya na alkoli ya kiwanda, ile inayoitwa metanoli, mnywaji analewa kidogo, analala, na ubaya unaanza kesho yake: tumbo, kichwa, na macho yanaona kama ukungu mweupe. Hiyo si «kichwa cha jana». Ni hospitali, saa hiyo hiyo, na walioshiriki chupa ile waitwe wote.

Wale wa posti ya usiku wasifikiri wamepona kwa sababu hawanywi. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 kule Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mikono na macho yake hufanya kazi sawa na mwenye nusu gramu ya alkoli katika kila lita ya damu. Kulewa usingizi, kumbe, si maneno ya mfano tu.

Kwa hiyo mkipiga simu ya msaada, msiseme «kuna mlevi hapa». Semeni mlichoona: anayumba tangu saa fulani, alikuwa galeri fulani, ametapika, ngozi ni ya moto ao ni baridi, anajibu ao hajibu. Harufu ya pombe itajeni pia, lakini isiwe mwisho wa maneno. Aliyekunywa anaweza kugongwa na jiwe kama mwingine.

Nanyi akina mama, bwana akirudi amelewa kweli na kuanguka kitandani, asilale chali. Mlazeni kwa ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo, ili akitapika matapishi yatoke nje, yasimzibe pumzi. Mwamsheni kila mara. Mkimfinya asiitike, ao pumzi zake zikiwa chache na za kukoroma ajabu, ao midomo ikiwa ya buluu, msingoje asubuhi.