Somo la Afya: Kichwa Kinachowasha, Magamba na Dawa za Kihindi

Leo tutazungumza juu ya kichwa kinachowasha na kutoa magamba, na juu ya dawa za Kihindi za Ayurveda ambazo watu hununua ili kukitibu.

Kwanza tuujue ugonjwa. Kichwa huwasha kwa sababu nyingi. Leo tushike tatu.

Ya kwanza ni mba. Mba hutoa unga mweupe mtu anapojikuna, lakini nywele hazikatiki.

Ya pili ni mapunye. Huwapata watoto zaidi. Nywele hukatika na kuacha viraka vya mviringo. Mapunye huletwa na kuvu, na huambukiza kwa kitana, kofia au mashine ya kinyozi. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka zahanati.

Ya tatu ni soriasisi. Ngozi nzima hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ngozi yenye soriasisi hujibadilisha kwa siku chache tu, kwa sababu kinga ya mwili huichochea bila haja. Ngozi mpya huja kabla ya ile ya zamani kuondoka, nayo hurundikana ikawa magamba meupe mazito kichwani, nyuma ya masikio, viwikoni na magotini.

Sasa sikilizeni sana. Soriasisi haiambukizi. Si ukoma, si uchawi, wala si uchafu. Ukila na mgonjwa sahani moja au ukilala naye kitanda kimoja, hutaupata. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, kwa kuwa wagonjwa wengi huumizwa na kutengwa kuliko hata kuwashwa.

Je, Ayurveda ni nini? Ni uganga wa kale wa Bara Hindi. Hufundisha kwamba mwili una nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba maradhi huja zinapokosa kulingana. Kwa ngozi, waganga wake hutumia mafuta, manjano na mwarobaini. Mwarobaini tunaoupanda uani asili yake ni huko huko. Kwa Kisanskriti huitwa nimba.

Lipo la kufaa hapa. Mafuta ya nazi hulainisha magamba. Yapashe moto kidogo tu, paka usiku, funga kitambaa safi, asubuhi osha na chana polepole. Usikwangue kwa kucha wala wembe, maana palipojeruhiwa huweza kuota magamba mapya. Manjano na mwarobaini vimechunguzwa, na dalili za kusaidia zipo, lakini hakuna hata kimoja kinachokomesha soriasisi. Akikuambia muuzaji kwamba chupa moja itaiondoa kabisa, funga mfuko wako.

Ipo na hatari. Mwaka 2004 wachunguzi wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani. Katika hizo, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, ambazo ni sumu. Kwa hiyo usimeze unga au vidonge usivyovijua. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto. Huweza kumletea degedege. Mama mjamzito naye asiyanywe.

Nenda zahanati, au hospitali ya Temeke au Mwananyamala, ikiwa viungo vinauma, ikiwa kichwa kinatoa usaha, au magamba yakienea ghafla mwilini. Hapo kubali pia kupimwa damu, kwani Virusi vya Ukimwi huweza kuuzidisha ugonjwa huu. Mwambie mganga kila dawa uliyotumia, ya Kihindi au ya kienyeji, usimfiche. Soriasisi haina dawa ya kuimaliza, lakini hutulizwa, na mtu akaishi na kufanya kazi yake vizuri.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Utatofautishaje mba, mapunye na soriasisi?
2. Jirani anakataa kuketi na mwenye soriasisi. Utamwambia nini?
3. Kwa nini tusimeze dawa tusizozijua?

Andikeni majibu katika daftari zenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.