Mwalimu wa bendi aliyeipa Ugiriki wimbo wa taifa

WENGI wausikiapo wimbo wa taifa wa Ugiriki ukipigwa kwa tarumbeta na ngoma hudhani ulitungiwa wanajeshi. Sivyo. Nikolaos Mantzaros, aliyezaliwa kisiwani Corfu mwaka wa 1795, aliutunga kwa ajili ya sauti za wanaume na piano, akitumia shairi la Dionysios Solomos la mwaka wa 1823.

Enzi hizo Corfu ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Bendi za jeshi lao zilipokatazwa kushiriki maandamano ya Mtakatifu Spyridon, wenyeji hawakulalama tu. Mwaka wa 1840 walianzisha chama chao cha muziki chenye bendi yake. Mantzaros, kabaila asiyetoza ada, alikiongoza na kuwafunza vijana hadi alipofariki mwaka wa 1872.

Corfu ilijiunga na Ugiriki mwaka wa 1864. Mwaka uliofuata, Mfalme George I aliusikia wimbo huo ukipigwa na bendi kisiwani humo, nao ukaidhinishwa kuwa wimbo wa taifa. Kati ya beti 158 za shairi hilo, huimbwa mbili tu.

Hadi leo, bendi iliyozaliwa kwa kunyimwa ingali inashiriki maandamano ya mtakatifu huyo.