Hadithi za Picha Si Mchezo

Nilipomwambia mwalimu mmoja kwamba nataka kusoma sanaa ili niwe mchoraji wa hadithi za picha, alicheka, akasema hizo ni za watoto. Kumbe huko Brussels, Ubelgiji, chuo cha Saint-Luc kilianza kuzifundisha katika miaka ya 1960!

Mchoraji wa picha ya ukutani huchora uso mara moja. Wa hadithi huuchora mara arobaini, ukicheka, ukilia, umegeuka, na msomaji lazima amtambue mtu yule yule. Hapo ndipo nilipokwama: mzee niliyemchora alipata pua mpya katika kila kisanduku. Basi nikaanza kuyapenda masomo ya kuchora mwili wa mtu, ambayo zamani yalinichosha. Tena, andika maneno kwanza, kisha uyazungushie duara. Ukitanguliza picha, maneno hukosa nafasi. Anayesema kwanza awekwe kushoto, maana jicho huanzia huko.

Chéri Samba wa Kinshasa alianza na mabango na hadithi za picha, kisha katika miaka ya 1970 akatia maneno ndani ya picha zake za rangi. Nilimwonyesha mwalimu mojawapo. Aliitazama kitambo, kisha akaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu.