Lepe Ikikuhepa, Bongo Nayo Inakuruka

Saa nane usiku, keja fulani huko Umoja. Taa imezimwa, simu iko chini ya mto, na msee bado anapiga hesabu: lepe ikinishika sai napata masaa matatu, ikifika saa tisa, mawili. Hiyo hesabu ndiyo inazidi kumuamsha. Ngware anadandia nganya ya tao, konda anamshow fea ni soo, anatoa chwani, kisha anashangaa mbona mkono wa konda bado umenyooka.

Maze, watu hudhani kukosa lepe ni kuchoka tu, eti kahawa mbili na uko fiti. Zii. Umakini ndio huanza kuenda. Unasoma meseji ya boss mara tatu na haishiki. Unatumwa unga na nyanya, unarudi na nyanya. Jina la beshte liko kwa ulimi, halitoki. Halafu kitu kidogo tu, unawaka.

Mwaka wa 1997, watafiti Dawson na Reid waliandika kwa jarida la Nature kwamba mtu akikaa macho masaa 17, kazi yake inashuka kama ya msee mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwa damu. Sasa cheki dere aliyekesha akiangalia dari anashika usukani. Mlevi ataambiwa apulize Alcoblow. Huyu hana mashine ya kumshika.

Lakini mimi hunitisha zaidi ile research ya Van Dongen na wenzake, 2003. Walilalisha watu masaa sita tu kila usiku, wiki mbili mfululizo. Vipimo vya bongo vikazidi kuanguka kila siku, lakini wenyewe wakasema wanaskia usingizi kidogo tu. Yaani bongo iliyochapa ndiyo unaiuliza kama imechapa! Itakuambia iko rada.

Kahawa nayo, baada ya kama masaa matano nusu ya kafeini bado iko mwilini. Ile ya saa kumi jioni bado inakukaba saa tatu usiku.

So usipigane na kitanda. Lepe ikikataa, toka, kaa kwa stuli, taa iwe hafifu, rudi ikikuja. Asubuhi amka saa ileile, hata Jumapili. Na kama ni usiku tatu kwa wiki, miezi mitatu sasa, ona daktari na umuulize kuhusu tiba ya kurekebisha mawazo na mazoea ya kulala. Hiyo ndiyo hupendekezwa kwanza, kabla ya tembe.